Mkono wa Baba na Neno la Wahispania

Mke wa ndugu yangu alimshika baba mkono siku ile ile aliyofika kwetu, na kuanzia hapo hatukuona raha tena. Nayasema haya bila kuyatia sukari kwa sababu watu wa kwetu sasa wameanza kuyasimulia kana kwamba yalikuwa bahati mbaya. Bahati mbaya ni mvua ya mawe kuangukia mahindi. Haya yalikuwa na watu, na watu wenyewe walikuwa na midomo, na nawajua wote.

Kwetu ni Ndalu. Kuna shamba, ng'ombe wachache, nyumba ya mabati ya baba na ghala la mahindi kando yake. Mimi niliolewa Bungoma na huko ndiko ninakofundisha Kiswahili katika shule ya upili. Kaka zangu wakubwa wako Nairobi. Huja kwa mazishi na kwa Krismasi, na Krismasi yenyewe si kila mwaka. Mama alishafariki. Amebaki baba, na kwa desturi yetu anayekaa na baba na kurithi boma lake ni kitinda mimba. Kitinda mimba wetu alikuwa Uarabuni, anapika katika hoteli.

Huko ndiko alikokutana na huyo mwanamke. Ni Mfilipino, alikuwa msimamizi wa wafuaji nguo katika hoteli hiyo hiyo. Wakafunga ndoa ya serikali, wakatutumia picha. Halafu siku moja ndugu yangu akanipigia simu kusema kwamba wanarudi, wanarudi kabisa, na mke wake ana mimba. Nilifurahi, siwezi kukataa. Nilifurahi kwa sababu moja tu: baba hangezeeka peke yake kwenye lile boma, akijichemshia chai na kuzungumza na redio.

Sasa, kwetu mkaza mwana hamgusi baba mkwe. Hampi mkono, haketi kwenye kiti chake, na akikutana naye njiani anampisha kwenye nyasi. Wakisalimiana, wanasalimiana kwa maneno, na kati yao kuna nafasi ya kupita ng'ombe. Hakuna chuki hapo. Ndiyo heshima yenyewe. Mtoto wa kwetu anayajua haya kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake, na ndugu yangu ni mtoto wa kwetu. Lakini akamtoa mke wake mwisho wa dunia, akamleta mpaka Ndalu, na njia nzima hakumwambia neno. Nilipomuuliza baadaye alinijibu, "Si nilimwambia amheshimu Mzee."

Haya. Akamheshimu.

Alishuka kwenye gari akiwa amevaa gauni refu na viatu visivyo na kisigino. Akatupita sisi wanawake tuliokuwa tumejipanga kumpokea, hata hakutuangalia, akaenda moja kwa moja hadi kwa baba aliyekuwa amesimama karibu na ghala. Akainama. Akauchukua mkono wa kulia wa baba kwa mikono yake miwili, akauinua, akaugusisha paji la uso wake upande wa mgongo wa kiganja. Akasema maneno mawili, "Mano po." Akabaki hivyo, kichwa chini, macho ameyafumba.

Nimefika mazishi mengi na sijawahi kuona boma likinyamaza namna ile. Kuku ndio walioendelea na shughuli zao. Shangazi yangu alijifunika uso kwa leso. Baba aliuondoa mkono wake polepole, akautazama, akageuka, akaingia nyumbani na kufunga mlango.

"Amereta raana," shangazi akasema kupitia kwenye leso. Shangazi ni dada mkubwa wa baba, mjane kutoka Naitiri, na kinywani mwake l na r hubadilishana viti wakati wowote zinapotaka. Watu humcheka kwa hilo, lakini kwa chini, kwa sababu akiingia mahali kila mtu huketi vizuri. "Amemshika baba yake na macho kavu. Na mimba tumboni. Hiyo ni raana ya kutetemeka."

Na mimi? Sikumpenda, na sijifanyi. Sikumpenda kwa ule usafi wake, kwa jinsi alivyocheka akiwa amefunika mdomo, kwa jinsi alivyosimama pale uani akimwuliza mume wake kwa sauti ya juu amekosea nini. Mgeni mwenye adabu angeuliza kwa kunong'ona. Lakini ndugu yangu ndiye niliyetaka kumzaba kofi. Alisimama na sanduku mkononi akitazama viatu vyake, mwanaume mzima.

Hukumu ilitolewa siku hiyo hiyo, na aliyeitoa ni shangazi. Mwanamke huyo hatalala katika boma, na ndugu yangu hatasimamisha hata nguzo moja ya nyumba, mpaka asimame mbele ya ukoo akiri kwamba alimkosea baba kwa kumgusa, na aombe msamaha. Baba hakusema kitu. Kwetu, baba akinyamaza, kimya chake huchukuliwa na yule anayepiga kelele zaidi, naye akakitumia atakavyo.

Wakapanga nyumba Kitale, nyuma ya maghala ya mahindi, vyumba viwili vyenye vumbi la pumba mpaka kwenye mashuka. Mwanamke akaanza kuoka mikate midogo ya mviringo, na ndugu yangu akawa anaiuzia watu wa bodaboda na wapakiaji wa magunia. Alikuwa amepika katika hoteli kubwa, sasa anatembeza beseni la mikate. Sikumhurumia hata kidogo. Kilichonitia hofu ni kile alichoniambia kwenye simu: mjomba wa mke wake ana tanuri la mikate huko kwao, anahitaji mikono. "Mahindi yakishavunwa kama Mzee hajafungua boma, sisi tunaenda," akasema. Nikamwuliza wanaenda kwa muda gani. Hakunijibu, na mimi si mtoto. Anayevuka bahari na mke na mtoto harudi kulima Ndalu.

Kwa hiyo nikaanza kwenda Kitale Jumamosi kumlainisha huyo mwanamke. Nilikuwa na kazi moja: aseme "samahani", neno moja, halafu kila mtu anywe chai. Niliona ni kazi rahisi. Nimelainisha wazazi wabishi, nimelainisha wakaguzi wa shule.

"Kalibu, wifi," akaniambia mlangoni. "Utakura?"

Nilitaka kuketi chini hapo hapo. Kumbe Kiswahili chake chote alikuwa amefundishwa na ndugu yangu, na makosa yote ya ndugu yangu alikuwa ameyapokea kama urithi. Mwanamke wa Ufilipino anaongea kama mtu wa Bungoma! Nikamwambia ni "karibu" na ni "utakula". Akasema mume wake huongea hivyo na humwelewa, na akaendelea kukanda unga.

Nikaketi. Nikaamua kuanza na lile lile jambo. Nikamwuliza yale maneno aliyomwambia baba yalikuwa na maana gani.

"Mano ni mkono," akasema. "Po ni adabu. Mtu akimwambia mzee neno bila po, bibi yangu alikuwa anampiga na kijiko."

"Na hiyo mano ni neno la kwenu?"

"La Wahispania."

"Kumbe." Niliona nimepata pa kushika. "Mlitawaliwa, mkafundishwa kuinama, na sasa umeleta kuinama kwenu hadi kwetu." Nilitaka imuume.

Hakuacha kukanda. "Walikaa kwetu zaidi ya miaka mia tatu," akasema. "Kuinama walitukuta tunajua. Bibi yangu alisema hivyo, wametupa jina tu. Mkono wenyewe, huu, wa unga, unaitwa kamay. Hiyo ni yetu. Mano tumeipa kazi moja peke yake, ya wazee."

Nilikuwa nimezoea kuwa mimi ndiye ninayewaeleza watu neno limetoka wapi. Ndiyo kazi inayonilisha. Nikamwambia basi anitajie vitu vya humo jikoni kwa lugha yake, tuone ni vingapi ni vyao. Akaanza kuvionyesha kwa midomo, akiibinua upande huu na ule, na hilo likaniudhi pia kwa sababu ndivyo tunavyoonyesha vitu sisi. Jiko lenyewe, kusina. Meza, lamesa. Kiti, silya. Dirisha, bintana. Kijiko, kutsara. Kisu, kutsilyo. Bilauri, baso. Sahani, plato. Vitunguu vilivyoning'inia kwenye msumari, sibuyas.

"Na hivyo vyote ni vya Wahispania?"

"Vyote hivyo."

Nikacheka kwa makusudi. "Bana, wewe nyumba yako yote ni ya kuazima."

Akaifuta mikono. Akabinua mdomo kuelekea meza. "Wewe unaiita nini?"

"Meza."

"Ya nani?"

Nilitaka kusema ni ya Kiswahili. Lakini mtu hawezi kusimama mbele ya darasa maisha yake yote akifundisha kwamba meza, bendera, gereza na leso vililetwa Pwani na Wareno, halafu akadanganye Kitale kwa sababu ana hasira. Hata kwa Kibukusu tunasema emesa, tumeipokea tukaivisha herufi moja mbele. "Ya Wareno," nikasema, kama mtu anayetema mbegu ya limau.

"Majirani," akasema. "Aliyekuletea wewe meza na aliyeniletea mimi wanakaa ua mmoja."

Hapo ndipo alipopata nguvu. Akagonga kipande cha sabuni kwenye karai. "Sabon," akasema, nami nikasema sabuni. "Asukal," akasema, nami nikalazimika kusema sukari, na kumweleza kwamba hiyo sisi tumeitoa kwa Waarabu, na Wahispania wake nao waliitoa kwa Waarabu hao hao, kila mmoja kwa mlango wake. Akasikiliza kwa makini kabisa. Hilo nalo silisahau. Katika miaka yangu yote ya kufundisha ni wanafunzi wachache sana walionisikiliza vile, na huyu nilikuwa nimekuja kumshinda.

"Na wifi?" nikauliza. "Wifi mnasemaje?"

"Hipag. Hiyo ni yetu. Mkwe ni yetu, wifi ni yetu. Hayo hawakuyagusa." Akafikiri kidogo. "Lakini shangazi ni tiya. Hiyo ni yao."

"Basi na wangu wamchukue," nikasema.

Akacheka akiwa amefunika mdomo. Na mimi nilicheka kabla sijajizuia. Halafu nikakumbuka kilichonileta, nikamweleza sharti la ukoo. Aje Ndalu. Asimame. Aseme alikosea kumgusa baba, aombe msamaha. Nikamwambia maneno hayana uzito, ni maneno tu, na boma litafunguka, na mtoto atazaliwa kwao.

Aliacha kucheka. "Wifi, nikimkanyaga mtu mguu ninaomba msamaha," akasema. "Nikimheshimu, msamaha ni wa nini? Huyu," akashika tumbo, "akiniuliza, nimwambie nilimheshimu babu yako halafu nikatubu?"

"Utamwambia ulifuata desturi ya kwao."

"Ningeambiwa, ningefuata. Ningesimama mbali, ningesema habari yako Mzee. Hakuna aliyeniambia. Nikija tena nitasimama mbali. Lakini ile ya kwanza sitairudisha."

Nilimwita mkaidi. Akaniuliza mkaidi ni nini, nikamwambia, akakubali kwamba ndiyo, yeye ni mkaidi. Nikaondoka bila kumaliza chai. Jumamosi iliyofuata nikarudi, na ile iliyofuata, na kila mara tukaanza na maneno na kumaliza na ugomvi. Akaniambia siku zao za wiki ni za Wahispania, Lunes, Martes, Miyerkules. Nikamwambia Alhamisi na Ijumaa zetu zimetoka kwa Waarabu. Akaniambia hata salamu yao, kumusta, ni ya Wahispania, wanasalimiana kwa neno la mtu aliyewapiga. Nikamwuliza haoni aibu. Akaniuliza mimi nikimsalimia mume wangu simu inapolia husema nini. Husema "helo". Nikamwambia anyamaze.

Mahindi yakakauka mashambani. Nikamwomba baba akubali kikao kabla ya kuvuna, na akakubali kwa kutikisa kichwa. Nikamsihi yule mwanamke aje tu, aje asikilizwe, na akaja.

Kikao kilikaa sebuleni. Baba aliketi mezani pake, meza aliyoiunda mwenyewe kwa mbao za shamba letu, mkono wa kulia juu yake. Shangazi aliketi karibu na mlango ili hata hewa ipite kwake kwanza. Kulikuwa na baba wadogo wawili ambao walikuja kwa ajili ya chakula, na ndugu yangu, na mimi katikati kama mkalimani. Yule mwanamke alisimama mbali na baba. Alichagua mahali penyewe, karibu na ukuta wa mwisho, na tumbo lake lilikuwa kubwa sasa. Akasema "Habari yako, Mzee" kwa maneno tu, kama tulivyokuwa tukitaka tangu mwanzo. Hakuna aliyemsifu kwa hilo.

Shangazi akazungumza muda mrefu. Akamaliza kwa methali, akaisema kwa Kiswahili ili mgeni aisikie: "Mwacha mira ni mtumwa."

Yule mwanamke akanigeukia. Nikamweleza maana yake, kwamba anayeiacha desturi yake ni sawa na mtumwa. Akafikiri, akasema, "Mwambie mimi sijaiacha yangu."

Nikamwambia shangazi. Nilimwambia neno kwa neno, kwa Kibukusu kizuri kabisa, na sitasema kwamba sikuonja utamu wake. Shangazi akapiga paja lake kwa kiganja. Mmoja wa baba wadogo akakohoa kuficha kicheko.

Ndipo yule mwanamke akafanya jambo ambalo hakuna mmoja wetu aliyekuwa amelifanya miezi yote hiyo. Alimwuliza baba mwenyewe. "Mzee," akasema kwa kile Kiswahili chake, "siku ire, uliumia?"

Wote tukamtazama baba. Baba aliutazama mkono wake juu ya meza. Nikaona midomo yake ikianza kufunguka. Shangazi akasema, "Asijibu. Mkaza mwana hamwulizi baba mkwe swali." Na baba akainuka, akasema anaenda kumwangalia ndama, akatoka. Tulikuwa na ndama mmoja, mzima wa afya, ambaye hakuhitaji kuangaliwa na mtu.

Hapo mimi nikapasuka. Nikamwambia shangazi kwamba leso aliyojifunga, jina lake ni la Mreno, majani ya chai aliyokunywa asubuhi asili yake ni Mchina, jina lake la ubatizo ni la Myahudi, na Biblia anayoibeba kwapani ilifika kwetu kwa Mzungu, na vyote hivyo vimeingia katika boma hili bila kutubu. Ni mkono mmoja tu wa heshima ndio ulioambiwa usimame mlangoni? Na huyo anayeshika mila, akishaachwa peke yake na mila yake, tumwite nani?

Shangazi hakupandisha sauti. "Wewe uriolewa Bungoma," akasema. "Hapa si kwako."

Nilikuwa na la kumjibu. Nilitazama kote sebuleni kuona kama kuna mtu atakayenijibia, hata ndugu yangu, na wote walikuwa wakitazama sakafu. Nikachukua mkoba wangu.

Waliondoka baada ya mavuno. Kitale wakati huo imejaa malori ya mahindi na huwezi kusikia mtu akiongea. Nilikwenda kuwaaga kwa sababu ni ndugu yangu na kwa sababu nilitaka kuwaambia mara ya mwisho kwamba wote wawili ni wapumbavu. Ndugu yangu alilia. Nilimwambia alie, ana haki, na machozi hayo angeyatoa siku ile uani yangetusaidia zaidi. Mke wake alikuwa amevaa sweta langu la zamani nililokuwa nimemletea kwa ajili ya baridi ya asubuhi. Nilimnyooshea mkono. Mikono yake ilibaki ndani ya mifuko ya sweta.

"Nimejifunza, wifi," akasema. "Hapa mikono inakaa mfukoni."

Akaingia ndani ya gari. Nilirudi Bungoma na hasira ambayo sikujua niiweke wapi, na wanafunzi wangu walipata shida sana wiki hiyo.

Nilipoenda tena Ndalu nilimkuta baba ameketi nje anapukuchua mahindi kwa vidole, gunzi moja baada ya jingine, ingawa mashine ya kupukuchulia ilikuwa imeshapita. Nikaketi nikamsaidia. Tukafanya kazi mpaka beseni likakaribia kujaa.

"Ile kitu alifanya," baba akasema. "Inaitwa nini?"

Sikujifanya sielewi. "Mano."

"Ndiyo kusema nini?"

"Mkono. Neno lenyewe ni la Wahispania. Mkono wa kawaida wana neno lao lingine. Hilo ni la kusalimia wazee tu."

Akatikisa kichwa kama mtu anayeambiwa bei ya mbegu. Akapukuchua kidogo. "Tangu mama yenu alale," akasema, "watu wananisalimia kutoka mbali. Watoto wananiogopa. Nyinyi mko mbali. Kanisani tunapeana mkono ya haraka. Huyo msichana alinishika kama mtu ananishika." Akatazama gunzi lililokuwa mkononi. "Niliingia ndani kwa sababu nilikuwa nalia. Ningelia mbele ya watu?"

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Siku ile angesema. Siku ya kikao, alipoulizwa waziwazi mbele ya wote kama aliumia, angesema neno moja tu, hapana, na leo kungekuwa na nyumba ya matofali pale mbele na mwanamke mkaidi akioka mikate ndani yake.

"Ningesemaje mbele ya dada yangu?" akasema.

Ni baba yangu. Sikumtukana. Nilikwenda nyuma ya ghala nikasimama huko mpaka nilipoweza kurudi, nikarudi, nikamaliza beseni.

Mtoto alizaliwa huko, msichana. Walituma picha, halafu wakaanza kupiga simu ya video kila nilipokwenda Ndalu, kwa sababu simu ya baba ni ya kubonyeza. Baba alijifunza kujiweka mbele ya simu yangu. Alikuwa akivaa koti. Mwanzoni mtoto alikuwa kitambaa chenye pua, baadaye akawa na meno, baadaye akawa na maneno, na hakuna neno lake hata moja tulilolielewa. Baba alikuwa akimwambia, "Mimi ni kuka," ndivyo tunavyomwita babu kwa Kibukusu. "Sema kuka." Mtoto akasema lolo. Yule mwanamke akatueleza kwamba kwao babu ni lolo, na husemwa hilo nalo limetoka kwa Wahispania, likachakaa njiani. Nikamwambia nilijua tu. Akacheka, hakufunika mdomo.

Jumapili moja shangazi naye alikuwepo. Alikuwa amekuja kutoka Naitiri baada ya ibada, ameketi pale pale karibu na mlango, na simu ilipoita hakuondoka. Niliiegemeza kwenye bakuli la sukari juu ya meza ya baba. Yule mwanamke alimweka mtoto mbele ya kioo, akamwambia kitu kwa lugha yao. Mtoto akatutazama. Akasema, "Mano po, lolo." Halafu akainamisha kichwa, akakileta mbele, akalibandika paji la uso kwenye simu upande wao, na sisi hatukuona kitu isipokuwa nywele.

"Mtoto anasemaje?" shangazi akauliza.

"Anasema ulichomkataza mama yake," nikamwambia. Kuna methali inayohusu majuto na mjukuu ambayo ninaifundisha kila mwaka. Sikuitaja, na shangazi alijua ninaifikiria, kwa sababu alivuta leso akajifunika uso. Nikamwambia aiondoe, aangalie. Hakuiondoa.

Baba aliinua mkono wake wa kulia. Alisitasita, akaugeuza, akauweka kwenye kioo cha simu kwa upande wa mgongo wa kiganja, taratibu, kama mtu anayepima kama mtoto ana homa. Akafumba macho.

Bando likaisha. Nililiona, kioo kikawa cheusi chini ya vidole vyake. Baba hakuliona, aliendelea kuuweka mkono pale, na mimi sikumwambia.